Mwako wa Damu ya Mzee Kombo

Namba ilitoka thelathini na moja. Mwantumu Semkiwa akaifuta skrini kwa kiganja, maana binadamu akiletewa habari asiyoitaka huanza kulaumu vumbi, kisha akaisoma upya. Thelathini na moja ile ile. Wiki mbili nyuma damu ya mgonjwa huyu ilisoma sita, na kwa sita hiyo ndiyo akapangiwa kuzibuliwa mshipa wa moyo leo Jumatatu, saa nne asubuhi.

"Vipi, nimefaulu?" mgonjwa mwenyewe aliuliza kutoka kwenye kiti, mkono wa shati ukiwa umekunjwa hadi begani.

Mgonjwa huyo alikuwa Mzee Kombo Hizza, mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Kwa miaka ishirini na saba alichezesha mpira kwenye viwanja vyote vya Tanga, na mpaka leo kipenga chake kilikaa mfuko wa shati kama kalamu ya karani. Sifa yake kubwa ilitokana na fainali moja ya mkoa, alipolikataa goli la Shaibu, mwanawe wa kwanza, dakika ya mwisho. Mkewe alimfungia mlango, akalala msikitini siku mbili. Tangu hapo, mtaani kwao Makorora, ubishi wa aina yoyote ulikatwa kwa maneno matatu tu: Mzee Kombo kasema.

"Mjomba, una homa?"

"Sina."

"Jino linakuuma? Una kidonda?"

"Sina hata chunusi. Mbona unanihoji kama polisi?"

"Vua shati."

"Nivue shati mbele ya mpwa wangu?"

"Mjomba, tafadhali."

Alivua polepole, akageuka kwa aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mgongoni alikuwa na miduara saba, na ndani ya kila duara michanjo midogo iliyopangwa vizuri kwa wembe. Miduara miwili ya chini ilikuwa imevimba na kutoa majimaji.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Fundi Sefu. Ijumaa baada ya swala. Kanifanyia hijama ya nguvu, kanitoa damu nyeusi tii, ungeiona usingekula siku mbili." Mzee alisema kwa fahari. "Nilijua leo mnapima damu. Nikaona si adabu kuja na damu chafu. Mtu akienda kupigwa picha si anaoga kwanza?"

Mwantumu nusura acheke, nusura alie. Hijama yenyewe haikuwa na neno. Babu yake aliifanya kila mwaka na akafika miaka tisini. Ubaya ulikuwa ni siku aliyoichagua.

Maana Lango, ile mashine ya kupima damu, halikupima uchafu. Mwili ukijeruhiwa popote, iwe kidole, fizi au ukuta wa mshipa wa moyo, ini humwaga protini fulani kwenye damu kuashiria kwamba kuna mahali panawaka, na Lango lilihesabu protini hiyo. Ikizidi kumi, mlango wa chumba cha upasuaji haukufunguka na Mkono, ile mashine ya kupasulia, haukunyanyuka. Hapakuwa na ufunguo, wala barua ya mkurugenzi, wala cha mheshimiwa fulani kapiga simu. Zamani madaktari walizibua mishipa iliyokuwa ikiwaka bila kujua. Waliingiza puto, wakaweka wavu wa chuma, kila mtu akapiga makofi, kisha mshipa ukavimba na kuziba tena, au ukapasuka, au figo zikagoma. Watu waliokuja kwa miguu yao walirudishwa makwao mabegani. Lango lilipokuja, vilio kwenye ukumbi ule vilipungua mpaka wauguzi wapya wakawa hawajui namna ya kupeleka habari mbaya. Mwantumu alilisimamia kwa miaka tisa na alikuwa akiliamini kuliko alivyomwamini mumewe.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Lango lilijua kwamba panawaka, halikujua ni wapi. Kwake mgongo wa Mzee Kombo na moyo wa Mzee Kombo vilikuwa kitu kimoja.

* * *

"Tunangoja," alisema Daktari Mndolwa.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, kichwa chepesi, mpole, na hajawahi katika maisha yake kupitisha waya kwenye mshipa wa mtu kwa vidole vyake. Hakuna daktari wa rika lake aliyewahi. Kazi hiyo ilifanywa na Mkono, ule uliokuwa umekunjwa nyuma ya kioo, mwembamba na mweupe, wenye vidole sita. Daktari wa mwisho aliyeijua kazi hiyo kwa mikono alistaafu wakati Mwantumu ana mimba ya mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa alikuwa sekondari.

"Mwako wa michanjo huisha haraka," Mndolwa aliendelea. "Tunasafisha vidonda, tunampa dawa. Alhamisi atakuwa chini ya kumi."

"Na mshipa utangoja mpaka Alhamisi?"

Daktari akaigeuza picha ili waione wote wawili. Mshipa mkubwa wa kushoto, ule unaolisha sehemu kubwa ya moyo, ulikuja mnene kisha ukabana ghafla. Nafasi iliyobaki haikuzidi unene wa uzi wa kushonea.

"Nitampa kila dawa niliyo nayo, dada Mwantumu."

"Zaidi ya hapo?"

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Zaidi ya hapo nitamwombea."

Jumanne damu ilisoma ishirini na nne. Mzee alilazwa chumba kilichopakana na maabara, na kwa kuwa alikatazwa kutembea, alitembeza mdomo. Aliwachezesha wauguzi wote. Aliyechelewa na dawa alionyeshwa kadi ya njano, ambayo kwa kweli ilikuwa kadi ya kliniki. Mkewe, Mama Shaibu, alimletea uji na kumgombeza kuhusu Fundi Sefu mpaka uji ukapoa.

"Refa mzuri huyu," Mzee alisema, akilitazama Lango kupitia mlango uliokuwa wazi. Kwa umbo lilikuwa sanduku la kijivu lenye tundu moja la kuingizia chupa. "Halina shemeji, halina mtoto, halinunuliwi soda. Lakini nalo linapimwa na nani? Hata mimi nilikuwa na kamishna jukwaani."

Mwantumu akafungua jokofu, akamwonyesha kichupa chenye kizibo cha bluu. Kila alfajiri aliliingizia Lango damu hii iliyotengenezwa kiwandani, ambayo mwako wake ulijulikana kuwa ni mbili. Likisoma mbili, basi li macho, kazi inaanza.

"Kwa hiyo hiki hakifeli hata siku moja?"

"Hakifeli."

"Ningekuwa mimi ningekitia mfukoni!" Akacheka mpaka akakohoa, akashika kifua. Kikohozi kilipotulia, uso wake haukuwa na mzaha tena. "Natania, Mwantumu. Umenisikia? Natania tu."

"Nimekusikia, mjomba."

* * *

Jumatano asubuhi ilikuwa kumi na sita. Mwantumu alikwenda kwenye zulia la swala akashukuru. Siku moja tu, alimwambia Mola wake, nipe siku moja.

Saa tano kasoro robo Mzee Kombo alinyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa akimweleza muuguzi sheria ya kuotea, mkono wake ukaganda hewani, kisha ukarudi taratibu kifuani. Jasho lilimtoka usoni kote kwa mara moja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah," kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani.

Mndolwa aliingia mbio na dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mistari ya mashine ilipanda na kubaki juu. Mwantumu alichota damu mwenyewe, akakimbia nayo, akaisukuma tunduni. Kumi na tano. Mlango ukabaki umefungwa. Nyuma ya kioo Mkono ulikuwa umekunjwa vile vile, mzima, umepashwa umeme, unajua kila kitu, na haufanyi lolote.

"Jaribu tena," alisema Mndolwa.

"Ni kumi na tano, daktari. Hata nikijaribu mara mia ni kumi na tano."

"Ni ule mgongo! Mimi na wewe tunajua ni mgongo!"

"Tunajua?"

Daktari alikuwa hajui, na yeye Mwantumu alikuwa hajui, na hakuna mtu chini ya mbingu aliyejua. Huenda ilikuwa ni michanjo tu, na mjomba wake anakufa kwa kosa la fundi wa hijama. Huenda mshipa wenyewe nao ulikuwa unawaka, na Lango lilikuwa likiwaambia ukweli.

"Ana dakika arobaini," Mndolwa alisema, sauti imeshuka. "Labda hamsini." Akautazama mlango, akalitazama jokofu, macho yakakaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili. "Nakwenda kuzungumza na Mama Shaibu huko nje."

Akatoka, akaufunga mlango wa maabara nyuma yake. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Mndolwa hakuwahi kufunga mlango ule. Mwantumu akamchukia kwa hilo, chuki ya kweli kabisa, na bado akafungua jokofu.

Alikibandua kichupa cha bluu karatasi yake, akakibandika jina la mjomba. Alikiingiza tunduni. Lango, kwa ile sauti yake ya mama wa pwani asiye na haraka, likauliza kama linavyouliza kila siku:

"Thibitisha. Hii ni damu ya Kombo Hizza?"

Kutoka chumba cha pili alimsikia mjomba wake akivuta pumzi kwa tabu.

"Ndiyo," alisema.

"Mbili. Karibuni."

Mlango ukafunguka.

* * *

Kitanda kilisukumwa ndani, mlango ukajifunga. Mwantumu na Mndolwa walisimama nyuma ya kioo. Mkono ulijikunjua, ukapapasa kifundo cha mkono wa Mzee, ukapata mahali, ukaingiza waya. Ilikuwa kazi safi ya kutazama. Waya ulipanda, ukakunja kona, ukafika penye uzi. Mwantumu akaanza kupumua.

Ndipo maandishi yakajitokeza chini ya skrini, kama yanavyojitokeza kila mara, na kama alivyozoea kutoyasoma. Mwako: mbili. Ukuta wa mshipa: tulivu. Dawa ya kulainisha ukuta: haihitajiki. Shinikizo la puto: kamili.

Kwa miaka tisa alilifikiria Lango kama mlango. Namba ikiwa njema unapita, ikiwa mbaya unarudi. Lakini namba haikuishia mlangoni. Iliingia ndani na kukaa kwenye vidole vya Mkono. Kwa mshipa wa mbili vilibana mara moja, kwa nguvu zote. Kwa mshipa wa tisa vililainisha kwanza, vikabana kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa. Hilo alifundishwa, akalifanyia mtihani, akapata alama zote, akalisahau kwa kuwa hakuwahi kulihitaji.

Akakirukia kipaza sauti. "Mwako ni kumi na tano! Punguza shinikizo! Kumi na tano!"

"Kipimo kimeshathibitishwa," sauti ya mama wa pwani ilijibu. "Tafadhali kaeni kwa utulivu."

Mkono wake ukaenda kwenye kitufe chekundu. Mndolwa akaudaka.

"Ukiusimamisha sasa, waya uko ndani na mshipa umeziba. Atafia hapo hapo."

"Na nikiuacha?"

"Sijui! Wallahi sijui, Mwantumu!"

Basi wakatazama. Ndiyo kazi pekee iliyokuwa imewabakia, watu wawili wenye vyeti ukutani, kutazama. Puto lilijaa kwenye skrini. Mshipa ukatanuka, damu ikapita, ukawa mzuri kwa kadiri ya pumzi mbili. Kisha wingu dogo la rangi ya picha iliyoingizwa mshipani likajitokeza nje ya mstari wa ukuta, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu: mshipa umepasuka.

Mkono haukushtuka. Uliziba pale, ukaweka wavu wa chuma, ukafyonza damu iliyozunguka moyo. Ilichukua dakika ishirini na mbili, na mistari ya mashine ililala mara moja kabla haijaamka. Mzee Kombo alitoka hai. Theluthi ya moyo wake haikutoka naye. Taarifa ilijiandika yenyewe na kujituma kwenye vituo vyote nchini: tatizo lisilotarajiwa kwa mgonjwa mwenye mwako wa chini.

* * *

Alizungumza Ijumaa. Sauti ilikuwa nyembamba, na kila maneno manne alipumzika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Akamtafuta kwa macho. "Lile sanduku... lilisoma ngapi?"

"Pumzika kwanza."

"Nimekuuliza."

Mwantumu alikuwa amekesha na maneno ya kweli siku mbili. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena. Angesema, mjomba, nililidanganya, na uongo wangu ndio uliokupasua. Lakini Mndolwa alishaonya kwamba moyo ule haustahimili mshtuko, na Mama Shaibu alikaa pale pembeni, ameshika mguu wa mumewe juu ya shuka. Na tuseme ukweli wote, aliogopa. Aliogopa macho ya mtu aliyelikataa goli la mwanawe.

"Mbili," alisema.

Mzee akafumba macho. Mwantumu akadhani amejua, akangoja kadi nyekundu, na moyoni akaitamani. Badala yake uso wa mzee ulifunguka kwa tabasamu pana.

"Mbili! Mama Shaibu, umesikia? Kutoka thelathini na moja!" Akapumzika. "Si nilisema? Fundi Sefu aliniambia, siku tano ndiyo damu inasafika. Mkanicheka."

"Nilikucheka," alisema Mama Shaibu huku akifuta machozi. "Nisamehe, baba Shaibu."

Mwantumu alifungua mdomo. Kisha akainama, akamtengenezea mjomba mto.

* * *

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, Lango liliamka na tangazo. Lango hujifunza kwa kila moyo unaopita mkononi mwake, na lilikuwa limejifunza kwamba hata mshipa wenye mwako wa mbili unaweza kupasuka. Kwa hiyo kwa usalama wa wagonjwa, kikomo kilishushwa nchi nzima, kutoka kumi hadi nane. Mwantumu alilisoma tangazo akiwa amesimama, kisha akakaa.

Mzee Kombo alikuwa ameruhusiwa kurudi Makorora. Hakuweza tena kufika msikitini bila kupumzika njiani mara tatu, lakini barazani pake palijaa watu, na kwa pumzi fupi fupi aliwasimulia yote: namba ya kwanza, hijama, namba ya pili. Hakuongeza hata chembe. Alisimulia tu kile alichoambiwa.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo aliitwa Bi Rehema Mhina, mwalimu wa chekechea wa miaka hamsini na miwili, mshipa wake umebana karibu kama ule wa Mzee. Mwezi uliopita damu yake ilisoma nne. Mwantumu alichota, akaingiza chupa.

"Thibitisha. Hii ni damu ya Rehema Mhina?"

"Ndiyo."

"Tisa. Samahani. Rudini siku nyingine."

"Vipi, nimefaulu?" aliuliza Bi Rehema kutoka kwenye kiti cha mbali, ambako sauti ya Lango haikufika.

Mwantumu aliitazama namba tena. Mwalimu akadhani hajaeleweka, akageuka kwa furaha, akashusha kanga begani. Mgongoni miduara mitano, michanjo bado mibichi.

"Nimejiandaa, mwanangu. Mzee Kombo katuelekeza wote. Na yule mzee humwoni akisema uongo, hata kwa mwanawe hakusema."

Alihitaji kusema sentensi moja tu. Alijua ingemgharimu kazi, na ingemgharimu Mndolwa kazi, na ingefika Makorora kabla ya adhuhuri na kuingia katika kile kipande cha moyo kilichobaki. Alijua pia nini kingetokea asiposema. Jokofu lilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, na kichupa cha bluu kilikuwa ndani.

Alinyanyuka, akaenda mlangoni kumwita Daktari Mndolwa, au kukimbia, mwenyewe hakujua. Nje, kwenye benchi la wanaosubiri, walikaa watu wanne wa Makorora, wakubwa kwa wadogo, wakamwitikia salamu kwa bashasha. Walikuwa wamekaa wima wote wanne, na hakuna hata mmoja aliyeegemea ukuta.